Nchi Iliyofuta Konsonanti

Wageni watatu walipokuja kupima uhuru wa kusema katika nchi yetu, tuliwapokea kwa ngoma, tukawavika mashada ya maua na kuwapa hoteli yenye maji ya moto. Walikaa siku tisa, wakala vizuri, wakapiga picha na twiga. Waliporudi kwao wakaandika ripoti ya kurasa mia mbili, na ndani yake sentensi moja iliyomfanya Mlezi Mkuu wa Taifa asile chakula cha mchana: "Katika nchi hii kuna vizuizi vingi vya kusema."

Mlezi Mkuu ana moyo laini, na sentensi ile ilimwumiza. Yeye mwenyewe husema kila siku, saa mbili redioni na saa tatu kwenye televisheni, na hajawahi kukutana na kizuizi hata kimoja. Mtu mwingine angekasirika. Yeye aliunda Kamati.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba naandika haya kwa konsonanti zote kwa sababu nina kibali cha Wizara, daraja la tatu, kinachoniruhusu kuusifu mpango.

Kamati ya Kutafuta Vizuizi iliongozwa na Profesa Mwakisole, mtaalamu wa saruji. Ilikaa wiki kumi na moja katika hoteli ya mlimani, kwa kuwa vizuizi, kama alivyoeleza Profesa, havionekani vizuri ukiwa karibu navyo. Wajumbe waliwachunguza polisi, wasione kizuizi. Wakayachunguza magazeti yaliyofungwa, lakini hayo hayakuwa na la kusema. Walitembelea magereza pia, wakaziona kuta, na Profesa akazigonga kwa kidole na kutamka kwamba ni saruji nzuri sana.

Wiki ya kumi, mjumbe mmoja aliingia jikoni kuomba pilipili. Akamkuta mpishi akishikia sufuria ya moto kwa kurasa za kitabu cha sarufi cha kidato cha pili. Kwenye ukurasa uliobaki mkononi mwake paliandikwa hivi: "Konsonanti ni sauti inayotamkwa kwa kuweka kizuizi katika mkondo wa hewa. Irabu ni sauti inayotamkwa bila kizuizi chochote."

Kamati nzima ilisimama. Baadhi ya wajumbe walitokwa na machozi. Siku zote vizuizi vilikuwa midomoni mwa wananchi wenyewe, na Serikali ndiyo iliyokuwa ikilaumiwa.

*

Ikaundwa Wizara ya Hewa na Kusema, na Mheshimiwa Mtandika akateuliwa kuwa Waziri wake. Hotuba yake ya kwanza bado inakaririwa shuleni, kwa wale walioruhusiwa kuikariri.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi mmebeba vinywani mwenu vizuizi ambavyo Serikali hii haikuviweka. Midomo ikikutana, hewa inazuiwa. Ulimi ukigusa meno, hewa inazuiwa. Najiuliza, ni nani aliyeuweka ulimi karibu na meno kiasi hicho? Uchunguzi unaendelea, lakini dalili zote zinaonyesha ni mkoloni. Kuanzia Jumatatu, kila mwananchi ana uhuru kamili wa kusema chochote, kwa mtu yeyote, mahali popote, kwa a, e, i, o na u. Hakuna nchi jirani iliyofika hapa."

Viongozi wangeendelea kutumia konsonanti. Huo ulikuwa mzigo, Waziri alieleza, na walikuwa wamejitolea kuubeba kwa niaba yetu.

Utekelezaji ulikuwa na ugumu wake mdogo mdogo. Herufi w na y, ambazo wataalamu huziita nusu irabu, zilizua mjadala wa siku nne, kwa sababu Wizara haikuwa tayari kukiamini kitu kinachojiita nusu. Zikawekwa chini ya uangalizi. Kuhusu m na n, ambazo mtu huzitamka kinywa kikiwa kimezibwa na sauti ikitokea puani, Idara ya Sheria iliona wazi kwamba hayo ni magendo. Mbuzi walipewa muda wa kujirekebisha.

Matunda yalionekana haraka. Mahakamani, mwalimu mmoja aliyeshtakiwa kwa kuwauliza watoto maswali alijitetea kwa saa nne mfululizo, kwa irabu zote tano, na hakimu hakumkatiza hata mara moja. Akafungwa miaka miwili. Bungeni, upinzani ulipewa muda usio na kikomo. Sokoni watu walinyoosha vidole, na mtu aliyetaka vitunguu akirudi nyumbani na viazi alishukuru kwamba angalau hakurudi na mkaa.

Wageni waliandikiwa barua ya kuwakaribisha waje wapime upya.

*

Katika hospitali ya mji mkuu, chumba cha mwisho baada ya stoo ya mashuka, alifanya kazi mwanamke aitwaye Stumai. Alikuwa akiwafundisha watoto waliochelewa kusema. Alikuwa mpole, na alizungumza kwa sauti ya chini kiasi kwamba wauguzi walimwinamia kumsikia. Vifaa vyake vilikuwa kioo cha mkononi, kikombe cha maji na vipande vya karatasi laini. Humshikia mtoto kipande mbele ya midomo. Mtoto akifanikiwa kusema pa, karatasi inaruka. Watoto huicheka karatasi ikiruka, na wakicheka hutaka tena.

Kila Jumanne na Alhamisi alikuja Mama Kidawa, mwuza vitumbua, na binti yake wa miaka mitano. Kidawa alikuwa na masikio mazima na akili kali, lakini kinywani mwake mlitoka irabu tu. Maji yalikuwa a-i, na chai nayo a-i. Mama na baba walikuwa a-a, ingawa hilo halikuwa na shida kubwa kwa kuwa baba alishahama. Shida ilikuja mwaka uliopita, Kidawa alipolia siku tatu akisema i-o, i-o. Mama yake akadhani jicho, akanunua dawa ya macho. Siku ya tatu shavu lilivimba. Lilikuwa jino.

"Mwalimu," Mama Kidawa alisema siku ya kwanza walipofika, "mimi sitaki awe mtangazaji. Nataka aniambie panapouma."

Walikuwa na miezi minne ya kujaribu. Kidawa aliweza kupuliza mshumaa, aliweza kufumba midomo na kuifumbua, lakini karatasi ilikuwa haijaruka. Mwalimu Stumai akaamua kuanza na k, sauti ya kwanza ya jina la mtoto mwenyewe. Ni ngumu, kwa sababu huzaliwa nyuma kabisa ya kinywa, mahali ambapo kioo hakifiki. Alimfundisha kutia maji kinywani, kuinua uso juu na kuyachemsha kooni, ili ulimi ujue nyuma ni wapi.

Hapo ndipo sheria ilipopiga hodi, ikiwa imevaa kofia ya Mkaguzi Tefu.

"Hiki ni kiwanda," Tefu alisema, akitazama huku na huku.

"Ni chumba cha watoto, Bwana Mkaguzi," alijibu Mwalimu Stumai.

"Nimesikia konsonanti zaidi ya kumi katika jibu lako la kwanza tu. Lakini nakusamehe, uko kazini. Chumba kinatoa nini?"

"Sauti."

"Za aina gani?"

Mwalimu Stumai alitazama viatu vyake. Tefu akaokota kipande cha karatasi mezani, akauliza kinafanya nini. Mwalimu, ambaye hakuzoea kusema uongo, akamweleza. Tefu alikiweka mbele ya midomo yake mwenyewe, akasema pa. Karatasi ikaruka. Akasema tena. Akasema mara sita. Kisha akakumbuka cheo chake, akazitaifisha karatasi zote. Baada ya wiki moja kila mkaguzi nchini alikuwa na kipande chake mfukoni, na mwananchi yeyote angeweza kusimamishwa njiani na kupimwa pumzi. Ripoti ya Wizara ilikiita kifaa hicho uvumbuzi wa ndani. Mwalimu Stumai hakutajwa.

Wakati Tefu akitaka kuondoka, Kidawa alimvuta suruali. "A-o-a a-i," alisema, akionyesha kikombe cha maji.

Tefu aliganda. Akapiga goti, akamwekea mtoto karatasi mbele ya midomo. "Rudia."

"A-o-a a-i."

Karatasi haikutikisika. Alijaribu na kipande kingine, akidhani cha kwanza ni kibovu. Nacho kikatulia. Tefu akavua kofia.

"Anasema hivi tangu lini?"

"Tangu azaliwe," alisema Mama Kidawa, na Tefu akasahau kuzihesabu konsonanti zake.

"Bila kufundishwa?"

"Tunamfundisha aache."

"Mama," Tefu alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "wewe hukuzaa mtoto. Umezaa raia."

Kidawa hakupewa maji.

*

Kabla mwezi haujaisha, Kidawa alitangazwa kuwa Mtoto wa Hewa. Picha yake iliwekwa kwenye kuta za ofisi zote, kinywa wazi, chini yake maneno: Hana Kizuizi. Chumba cha Mwalimu Stumai kilifungwa kwa utepe, naye akapewa barua ya mstari mmoja: "Unaagizwa usimharibu." Mama Kidawa alipewa cheti, mwavuli na gauni jeupe la mtoto, pamoja na viatu vyeupe ambavyo Wizara ilivinunua bila kuuliza namba ya mguu, maana kujibu kungehitaji konsonanti.

Mama Kidawa alikwenda Wizarani kuomba mtoto aruhusiwe kuendelea kufundishwa. Dirishani palikuwa na foleni ya watu waliokuja kuomba vibali vya konsonanti, na kila mmoja alitakiwa aombe kwa mdomo, kwa irabu.

"A-o-a i-a-i," alisema zamu yake ilipofika.

"Sikukuelewa," alisema karani, kijana mwenye tai na kibali cha daraja la pili. "Unanipotezea muda, mama. Andika hapa sababu."

Mama Kidawa akaandika: Nataka mtoto aniambie panapouma.

Karani alisoma, akaingia ndani, akakaa sana, akarudi na jibu lililopigwa muhuri. Akalisoma kwa sauti, kwa kuwa alikuwa na ruhusa. "Mtoto wa Hewa ni wa Taifa. Taifa likiumwa, Serikali itajua panapouma." Akamrudishia karatasi. "Anayefuata."

Wiki iliyofuata Mwalimu Stumai alianza kufika kwa Mama Kidawa asubuhi, wakati wa kukaanga vitumbua. Hilo lilikuwa wazo lake, na lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko mtu mwingine. Mafuta ya moto yana kelele zake, na mkaguzi akipita nje hasikii zaidi ya hizo. Kidawa alikaa kwenye kigoda, maji kinywani, uso juu, akiyachemsha kooni. Kisha maji yakatemwa, na wote watatu wakangoja.

"Aaa," alisema Kidawa.

"Karibu," alisema Mwalimu Stumai, ingawa haikuwa karibu.

"Na wakikukamata, dada yangu?" Mama Kidawa aliuliza, akigeuza kitumbua.

"Nitajitetea."

"Kwa irabu?"

Walicheka mpaka Mama Kidawa akaunguza vitumbua viwili. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu walimkumbuka yule mwalimu wa mahakamani.

Siku ya kumi na nne, Mama Kidawa aliweka mwiko chini. "Mwalimu, labda Mungu amemnyima."

"Hajamnyima," alisema Mwalimu Stumai, kwa sauti kubwa kuliko alivyozoea. "Sauti ziko nyuma tu. Hajui njia."

*

Wageni walirudi. Wizara iliandaa sherehe uwanjani, na wananchi elfu ishirini walialikwa kwa magari ya polisi.

Nchi yetu ina desturi moja njema kuliko zote: mgeni rasmi akiwa bado hajaondoka, hakuna anayenyanyuka. Mtu anaweza kuzimia, lakini azimie akiwa amekaa. Kwa sababu za usalama vyoo vya uwanja hufungwa, na ufunguo hukaa na mlinzi wa mgeni rasmi. Siku hiyo mgeni rasmi alikuwa Mlezi Mkuu mwenyewe. Alitarajiwa saa tatu asubuhi, akafika saa sita na nusu.

Kidawa aliketishwa jukwaani tangu saa tatu, katika gauni lake jeupe. Watu wa itifaki walimpa chupa mbili za juisi ili koo liwe laini. Mama yake aliketi safu ya pili, na nyuma yake alisimama Mkaguzi Tefu, mkono ukiwa begani mwake kwa heshima. Mwalimu Stumai alikuwa mbali, upande wa jua, karibu na milango ya vyoo.

Kwaya ya Taifa iliimba wimbo wa irabu wenye beti kumi na mbili. Kisha Waziri Mtandika akasimama.

"Wageni wetu," alisema, "mliandika kwamba tuna vizuizi. Sisi si watu wa kubishana. Msikilizeni mtoto huyu, ambaye hajawahi kuzuiwa na chochote."

Kipaza sauti kikashushwa mpaka mdomoni mwa Kidawa.

"O-o," alisema Kidawa.

Uwanja ukapiga makofi. Waziri akafuta jasho kwa furaha.

"O-o," alisema tena, kwa nguvu zaidi, magoti yakiwa yamebanana. Makofi yakaongezeka.

Mmoja wa wageni, mwanamke mwenye daftari, alimwinamia mkalimani. "Anasema nini?"

"Anasema kwa uhuru," alijibu mkalimani.

"Naam, lakini anasema nini?"

Mkalimani akamtazama Waziri. "Chochote," alisema Waziri. "Anaweza kusema chochote."

Yule mwanamke akaandika neno moja daftarini, kisha akaweka alama ya kuuliza.

Mama Kidawa alikuwa anajua. Alijua tangu o-o ya kwanza, lakini mkono wa Tefu ulikuwa begani na Mlezi Mkuu alikuwa kitini. Kidawa akamtafuta kwa macho, akampata. Kinywa chake kilianza kupinda kama cha mtoto anayetaka kulia. Mama Kidawa hakuwa na la kufanya, na hakuruhusiwa kusema, basi aliinua uso wake juu, polepole, kama mtu anayechemsha maji kooni.

Kidawa naye akainua uso juu. Uwanja mzima ulifuata macho yake, ukidhani anaitazama bendera. Kwenye vipaza sauti ilisikika pumzi, kisha kitu kama kokoto likianguka ndani ya mtungi mtupu.

"K," alisema Kidawa. Alionekana kushangaa. Akameza mate, akajaribu tena. "K. Ko-o."

Sitaki kutia chumvi kuhusu kilichofuata. Nitasema tu kwamba watu elfu ishirini waliokuwa wamekaa tangu saa tatu, bila choo, hawakuhitaji mkalimani kuwaambia kwamba ni kojo.

Tefu aliruka jukwaani akiwa na karatasi yake. Sheria inataka ushahidi. Akaishika mbele ya mdomo wa mtoto. "Rudia," alisema, kwa kuwa ndivyo mafunzo yao yanavyoelekeza.

"Ko-o," alisema Kidawa. Karatasi ikaruka. Akacheka. "Ko-o. Ko-o." Iliruka kila mara.

Kutoka upande wa jua, fundi baiskeli mmoja mnene, mtu asiyejulikana kwa siasa, alisimama. "Hata mimi," alisema. Alisema kwa konsonanti zake zote, tena akiomba radhi. Mama mmoja mwenye mimba akasimama. Kisha safu nzima. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyerusha jiwe, na polisi, ambao nao walikuwa pale tangu saa kumi na moja alfajiri, walianza kutazamana. Watu wakaelekea vyooni, na milango, ambayo mkandarasi wake alikuwa mpwa wa Waziri, ilifunguka ilipoegemewa.

Mlezi Mkuu alibaki kitini. Desturi haielezi mgeni rasmi afanye nini wananchi wanapoondoka kabla yake. Walio karibu walisema alikunja miguu.

*

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimpisha Mama Kidawa aliyekuja mbio, binti kwapani. Waliwahi, au karibu wawahi. Walipotoka, Mwalimu Stumai alikuwa anangoja ukutani, akipanga kumpongeza mwanafunzi wake kwa maneno mazuri aliyoyaandaa kwa miezi yote hiyo. Yote yalimtoroka. Akasema tu, "Wiki ijayo tutaanza m."

Nyuma yake Mkaguzi Tefu aliwasili, kofia mkononi, karatasi ikiwa imelowa jasho na kugandamana. Alikuwa na hati mbili, moja ya mama na moja ya mwalimu, na ya tatu ilikuwa inachapwa, kwa kuwa Wizara ilikuwa bado haijaamua kama mtoto wa miaka mitano ni mhalifu au ni kizuizi.

"Mama Kidawa," alisema, "una mashtaka ya kujibu."

Kidawa alikuwa ameketi kwenye ngazi, anamvuta mama yake gauni. "Ka-a," aliita. Alikuwa na konsonanti moja tu duniani, na alikuwa akiitumia kwa kila kitu.

"Abee, mwanangu."

"Ka-a. Kuu."

Mama Kidawa alichuchumaa. "Mguu?"

"Kuu," alisema Kidawa, akiinua wa kushoto.

Akamvua kiatu cheupe cha Serikali. Kisigino kilikuwa kimechunika, na soksi ilikuwa imeshika damu. Mama Kidawa alikishika kile kisigino kwa mikono miwili. Mwalimu Stumai akageukia ukutani.

"Mama Kidawa," Tefu alirudia, "nimesema una mashtaka."

"Subiri, Bwana Mkaguzi," alisema Mama Kidawa bila kuinua kichwa. "Mtoto anasema."